Maharage ya Subirini

Katika nchi yetu yote hakuna mwanamke wa rika langu aliyesoma kunipita. Ulizeni popote. Wa rika langu tumebaki wawili, na mwenzangu, Bi Kijakazi wa ng'ambo ya mto, hajawahi kushika kalamu isipokuwa ya wanja. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe mwalimu alinipitisha kwa sababu ya mihogo ya mama. Kwa hiyo mkiona nimekosea jambo la kisayansi, msinilaumu mimi. Laumuni mihogo.

Jina la nchi silitaji. Nina wajukuu, na baadhi yao bado wanatafuta kazi serikalini. Ninachoweza kusema ni kwamba nembo ya taifa letu ni kobe aliyelala, na kwamba kijiji chetu kinaitwa Subirini, jina tulilopewa na serikali siku tulipoomba zahanati.

Na kwa kuwa nimechoka, wala sipendi kumchosha mtu, niseme mapema: maji bado. Kama unasoma ukitarajia kwamba mwishoni maji safi yatatoka, acha hapa hapa ukapumzike. Hadithi hii ni ya mjukuu wangu Semeni, niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, na ni ya godoro lake, ambalo lilirudi kwangu kichwani mwa mtu kabla ya mwaka wa pili wa ndoa kutimia.

*

Walianza kuja watu wenye kofia ngumu. Walisema wanatoka Kampuni ya Neema Chini, na kwamba chini ya miguu yetu kuna gesi iliyojificha ndani ya jiwe. Namna ya kuitoa ni hivi: unatoboa shimo refu kwenda chini, halafu unasukuma humo maji, mchanga na dawa ambazo majina yake ni siri ya biashara, unasukuma kwa nguvu mpaka jiwe lipasuke na gesi itoke yenyewe kwa hasira.

Mzee Feruzi, mvuta sigara, akauliza, "Na hizo dawa, baada ya kupasua jiwe, zinakwenda wapi?"

Akajibiwa kwamba hilo ni swali zuri sana. Akapewa kofia.

Haukupita muda, ardhi ikaanza kunguruma kama tumbo la mtu aliyekula viporo. Kisima kilicho uani kwangu, ambacho kijiji kizima huteka, kikabadilika. Sabuni ikagoma kutoa povu. Maji yakawa na chumvi kidogo, na harufu ya kibiriti kilichowashwa na kuzimwa. Wajukuu na vitukuu niliowaogesha wakatoka na ngozi kama ya kenge. Siku moja Mzee Feruzi alikuwa akiteka huku sigara ipo mdomoni, akatupa kipisi ndani ya ndoo. Ndoo ikawaka. Moto wa buluu, mzuri kweli, ulisimama juu ya maji kama jini aliyevaa kanzu, na nyusi za Mzee Feruzi hazijarudi mpaka leo.

Serikali haikukaa kimya. Ilimtumia Mzee Feruzi salamu za pole, pamoja na onyo kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya.

Kisha Mheshimiwa Dakta Kilindo, Waziri wa Maji, Gesi na Furaha ya Wananchi, akazungumza redioni. Ana sauti nzuri yule mtu, sauti ya kumlaza mtoto. "Ndugu wananchi," alisema, "wapo wapotoshaji wanaodai kwamba maji ya Subirini yameharibika. Maji hayajaharibika. Maji yameongezewa thamani. Zamani yalikuwa maji matupu, hata ng'ombe alikuwa nayo. Leo hii ni maji yenye nishati. Ni nchi ngapi duniani ambazo mwananchi anateka moto kwa kamba?"

Tulipiga makofi. Tulikuwa tumekaa na mtendaji wa kijiji, na redio ilikuwa yake.

Baada ya hotuba hiyo ikatoka amri kwamba kusema maji ni mabaya ni kosa la kukashifu rasilimali ya taifa. Tukaacha kusema. Tukabaki tunayanywa tu.

*

Sasa mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ilipo shida yetu, na mtu wa mbali hawezi kuielewa bila kuelezwa.

Kwetu sisi, tangu enzi za mabibi wa mabibi zetu, tunaamini kwamba maharage hayaivi jikoni penye mwongo. Chungu kikikaa motoni tangu asubuhi na maharage bado yanalia kwenye jino kama kokoto, mama mkwe humuuliza mpishi, "Umesema uongo gani leo?" Mpishi hujikuna, hukumbuka, hukiri. Labda alisema sukari imekwisha na haijaisha. Basi hucheka, huongeza kuni, na baada ya muda maharage huiva. Nafikiri yangeiva tu hata bila kukiri, kwa sababu ya zile kuni zilizoongezwa. Lakini nani aniulize mimi, mtu wa mihogo?

Maji yalipopata nishati, maharage ya Subirini yalikataa kuiva. Nyumba zote. Unachemsha mpaka kuni zinakwisha, unakula kokoto zenye mchuzi. Na kwa kuwa maji hayakuruhusiwa kushitakiwa, mshitakiwa akabaki mmoja: mpishi.

Jamani, wanawake walikiri! Waliokiri walikiri mpaka mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Mke wa fundi baiskeli alikiri habari ya kuku, maharage yakakataa. Akakiri habari ya pesa za upatu, yakakataa. Akakiri habari ya fundi cherehani, na hapo fundi baiskeli mwenyewe akaitoa sufuria motoni akasema inatosha, tutakula ugali na chumvi. Wanaume wakaanza kuogopa maharage. Mwanamume akirudi nyumbani akasikia chungu kinatokota, anageuza njia.

Mjukuu wangu Semeni alikuwa ameolewa na Shomari, mtoto wa Bi Mwajabu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Bi Mwajabu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye njaa na mila.

"Semeni mwanangu," alimwambia jioni moja, kijiko kikiwa mkononi, "kiri basi."

"Nikiri nini, mama?"

"Chochote. Sichagui. Kiri tule."

"Sina, mama. Nikikiri ambacho sikufanya, ndiyo hapo nitakuwa nimedanganya."

Bi Mwajabu aliliangalia lile jibu kila upande, hakuona pa kulishika. Kesho yake godoro la Semeni likaja kwangu, na Semeni nyuma yake, mtoto mgongoni.

"Bibi," alisema, "nimerudishwa kwa ajili ya maharage."

"Wenzako hurudishwa kwa ajili ya wanaume," nikamwambia. "Wewe angalau maharage yana lishe."

Hakucheka. Akainama akabandika chungu, kwa maji yale yale ya kisima changu, ili anithibitishie kwamba yeye si mwongo. Yakakataa. Bi Mwajabu alikuwa amesimama ukutani anachungulia. "Unaona, mkwe?" akaniambia. "Hata kwako!"

*

Nina magoti mawili na yote yana malalamiko, lakini kesho yake niliyaburuta hadi chemchemi ya Kijoti, ambako Neema Chini hawajafika. Ni kupanda, kushuka, kupanda tena, na njiani unakumbuka dhambi zako zote. Nikarudi na ndoo. Semeni akabandika maharage yale yale, chungu kile kile, mkono ule ule. Jua halijafika utosini, yakawa laini kama shavu la mtoto.

Nikachukua bakuli nikaenda kwa mtendaji wetu, Bwana Mlekwa, kijana mtiifu sana. Ukimwambia bosi wake anakuja, hupiga pasi hata soksi.

"Nimekuja kushitaki maji," nikasema.

Aliinuka akafunga dirisha. "Bibi Sikudhani, nakuheshimu kama bibi yangu mzaa mama. Neno hilo usilitamke humu. Maji yana mkataba."

"Basi nimekuja kushitaki maharage."

Uso wake ukanawiri. "Ah! Maharage unaweza. Maharage hayana mkataba."

Hivyo ndivyo ilivyoundwa Tume ya Taifa ya Kuchunguza Ukaidi wa Maharage. Ilikuja na magari mengi na hema lenye feni. Wataalamu wakayapima maharage urefu, wakayapima upana, wakayamulika kwa kioo. Profesa mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, akaniuliza kama mbegu hizi zilivuka mpaka kihalali. Mwingine akauliza kama maharage yamewahi kushiriki katika maandamano. Walikaa kwetu mpaka majogoo yote ya kijiji yakaisha, kwa maana kwa mila ya tume, anayelalamika ndiye anayelisha. Maharage hawakuyagusa. Walisema watakuwa wanakula ushahidi.

Nikamuuliza yule profesa, "Mwanangu, na maji mtayapima lini?"

Akashusha ile miwani ya utosini akaniangalia kupitia miwani zote mbili. "Maji gani, bibi?"

Mwisho tume ikatangaza kwamba maharage ya Subirini yana upungufu wa uzalendo. Ila ili kuondoa uvumi, Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuja kupika mbele ya watu, kwa maji ya kisima changu.

Jioni hiyo Bi Mwajabu akaja kuketi barazani kwangu. Alikuwa amekonda.

"Mkwe," alisema, "tusifichane. Maharage ya Waziri yakikataa, basi ni maji, na mimi nitakuja kwa magoti kumchukua mkwe wangu na mjukuu wangu. Lakini yakiiva kwa maji yako haya haya, basi maji ni mazuri na Semeni ndiye mbaya. Shomari atamwacha pale pale uwanjani. Nimeapa, na unajua nikiapa huwa sirudi."

Semeni alikuwa ndani, anamnyonyesha mtoto.

*

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nafua. Nilikuwa nimeloweka shuka zangu nyeupe kwenye beseni, na pakiti za bluu ya kufulia zilikuwa pindoni mwa kanga, ile bluu tunayotia kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae. Bwana Mlekwa akaja anakimbia, soksi zimenyooka.

"Bibi, ratiba inasema mwenye kisima atakabidhi maji. Jaza dumu hili."

Lilikuwa dumu jeusi, jipya, lenye kifuniko kikubwa. Nyuma yake msafara ulikuwa unaingia. Vijana wa Waziri walishuka, wakafungua katoni za maji ya chupa, wakammiminia Mheshimiwa mikononi akanawa. Akanawa mikono, akanawa uso, na kijana mmoja akamnawia viatu.

Nikawaza, kwa akili yangu ya darasa la nne: mtu anayenawa viatu kwa maji ya chupa, je, atapika kwa maji yangu na kula?

Nikateka, nikajaza dumu. Sasa uzee huu jamani, vitu vinanidondoka mkononi. Juzi ilikuwa kikombe. Siku hiyo kilichodondoka ni bluu, pakiti zote, tena zimeshafunguka, na mahali zilipodondokea ni ndani ya dumu. Nilitaka kusema, lakini wakubwa walikuwa wanaongea, na mimi nimefundishwa adabu. Nikafunga kifuniko.

Wakalipiga lakiri nyekundu yenye kobe wa taifa, wakalipakia kwenye buti la gari la Waziri, ili lisafiri kwa heshima kutoka uani kwangu hadi uwanjani. Ni mwendo wa kutema mate. Gari lilichelewa kufika.

*

Uwanjani kulikuwa na mafiga matatu yaliyopakwa rangi za bendera, na sufuria nyeupe kama meno ya matangazo. Maji yalikuwa tayari yamo ndani, yanatokota. Mpishi wa serikali akamimina maharage.

Bi Mwajabu akapaza sauti kutoka upande wa wanawake. "Mheshimiwa, samahani! Kwa mila yetu, mwenye neno hukaa kando ya chungu mpaka kiive."

Wasaidizi wakatazamana, lakini Dakta Kilindo akatabasamu. "Serikali yangu inaheshimu mila," akasema, akaketi kwenye kigoda karibu na moto, suti na tai, akaanza kuhutubia.

Alihutubia mpaka shati likamganda. Alisema kisima ni mama, gesi ni baba, na wananchi ni watoto, na mtoto mwenye adabu hachungulii chumbani kwa wazazi. Alisema yeye mwenyewe, nyumbani kwake mji mkuu, hutamani sana maji kama yetu, lakini hayapati. Bwana Mlekwa alikuwa akitikisa kichwa kwa kila nukta, na penye mkato pia.

Mpishi akafunua. Akabonyeza harage moja kwa vidole. Likabonyea.

"Yameiva!" akalia Bwana Mlekwa. Ngoma ikapigwa.

Sahani zikagawiwa. Maharage mekundu, mazito, mazuri, sikatai, niliyala. Lakini nilikuwa namtazama Semeni. Alisimama peke yake, mtoto mgongoni, na watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji mtu mmoja. Shomari alikuwa ameitia talaka mdomoni kama tambuu, anaitafuna tu, machozi yanamlengalenga, anamtazama mama yake ampe ishara. Na Bi Mwajabu, kijiko mkononi, akavuta pumzi.

Nikainuka. Magoti yakalia, watu wakanyamaza wakidhani ni kuni.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza kama mtoto wa shule."

"Uliza, mama yetu."

"Maji uliyopikia ni yale yale niliyokukabidhi?"

"Yale yale."

"Hayakubadilishwa hata tone? Sisi wazee tunasahau, na magari yana mambo mengi."

"Bibi," alisema, akaweka mkono juu ya kifua, penye beji ya kobe, "naapa kwa nembo ya taifa. Lakiri nimeivunja kwa mkono wangu huu. Maji nimeyamimina kwa mkono wangu huu. Mpaka tone la mwisho."

Makofi.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Basi huu ni muujiza, na mimi ni shahidi. Maana asubuhi nilikuwa nafua, nikaangusha bluu ndani ya dumu lako. Pakiti zote." Nikainua viganja vyangu. Vilikuwa buluu mpaka kwenye kifundo. "Nimekaa hapa tangu saa ile nangoja kula maharage ya rangi ya anga, na haya naona ni mekundu."

Watu wakatazama sahani zao.

Dakta Kilindo hakuhitaji kujitetea, kwa sababu alikuwa na Bwana Mlekwa.

"Huyu bibi ni mpotoshaji!" akalia mtendaji wetu mtiifu, mishipa ya shingo imesimama. "Anataka kumvunjia heshima Mheshimiwa! Dumu tupu lipo garini, nalileta sasa hivi, kila mtu alione ndani kama lina bluu!"

"Mlekwa," alisema Waziri. "Mlekwa, kaa."

Mlekwa alikuwa ameshafika garini. Tulimwona anafungua buti, anainama, anavuta. Halafu akarudi kwetu, na nawaambieni wanawake wote pale uwanjani walijua kabla hajafika, kwa maana sisi tumebeba maji tangu tukiwa wasichana: alikuwa amepinda upande mmoja, mkono wa pili umenyooshwa hewani kujizuia asianguke, na anapumua kwa mdomo. Dumu tupu halimpindi mtu hivyo.

Akalitua miguuni pa Waziri. Ndipo na yeye akaliangalia. Lakiri ilikuwa juu ya kifuniko, nyekundu, nzima. Kobe wa taifa alikuwa bado amelala.

Hakuna aliyemwambia avunje, lakini mkono wa mtu mtiifu huwa unamaliza kazi uliyoianza. Akavunja. Akainamisha. Yakatoka maji ya buluu, buluu kweli kweli, yakapita kati ya viatu vya Mheshimiwa vilivyonawishwa, yakaingia chini ya mafiga.

Mzee Feruzi, asiye na nyusi, alirudi nyuma haraka kutoka kwenye moto. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na busara.

"Dumu hili," alisema Dakta Kilindo, bado ameketi kwenye kigoda chake kando ya chungu, "silijui."

Bi Mwajabu akajitokeza. Alipita mbele ya walinzi kama wanavyopita wao mbele yetu. Akatumbukiza kijiko kwenye sufuria nyeupe, akatoa harage moja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Akalitazama harage, akamtazama Waziri, akarudi kulitazama harage. Niliiona mila ya mabibi wa mabibi zetu inamtoka usoni polepole, kama mtu anayevua kiatu kilichombana tangu utotoni.

"Shomari," akasema, "tema hicho ulichonacho mdomoni." Kisha akageuka upande wa wanawake. "Semeni mwanangu, njoo uonje. Yameiva laini kabisa, na mwongo kakaa hapa hapa tangu asubuhi."